Charles Goodyear na Hataza Iliyokomea Mpakani

Jina la Goodyear si geni kwa yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara akisubiri gari. Limechorwa ubavuni mwa magurudumu ya malori na ya motokaa ndogo, nasi tumelizoea kiasi cha kusahau kwamba liliwahi kuwa jina la mtu. Ajabu ni kuwa mtu huyo hakuwahi kutengeneza gurudumu la gari hata moja. Alifariki mwaka 1860, robo karne kabla ya Karl Benz kuunda motokaa yake kule Ujerumani. Kampuni inayojulikana kwa jina hilo ilianzishwa mwaka 1898 mjini Akron, jimbo la Ohio, na Frank Seiberling, ambaye hakuwa na nasaba yoyote na marehemu. Aliliazima jina kwa heshima tu. Jamaa za Goodyear hawakuwa na hisa katika kampuni hiyo.

Makala haya yanasimulia maisha ya Charles Goodyear, hasa sehemu yake ambayo wengi huipitia kwa haraka: jinsi mtu aliyeugundua ufumbuzi uliowashinda wenzake wote alivyopoteza haki yake katika nchi za ng'ambo kwa kutotimiza masharti ya sheria za huko. Kabla hatujaendelea, yafaa tulifafanue neno hataza. Hataza ni haki ya pekee ambayo dola humpa mvumbuzi kwa muda maalumu, naye mvumbuzi kwa upande wake hukubali kuufichulia umma jinsi uvumbuzi wake unavyofanya kazi. Basi ni mapatano. Lakini ni mapatano baina ya mtu na dola moja tu. Anapovuka mpaka, karatasi ile haina nguvu, na humbidi aanze upya mbele ya dola nyingine yenye lugha yake, ada zake na masharti yake.

Charles Goodyear alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800 mjini New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake, Amasa, alikuwa mfanyabiashara na mbunifu wa zana za chuma na vifungo. Kijana Charles alifunzwa biashara hiyo hiyo, akamwoa Clarissa Beecher mwaka 1824, na miaka miwili baadaye akafungua duka la vifaa vya chuma mjini Philadelphia. Duka lilistawi kwa muda, kisha likaporomoka. Kufikia mwaka 1830 alikuwa amefilisika, na kwa kuwa sheria ya wakati huo iliruhusu mdaiwa kutiwa gerezani, alianza safari ndefu ya kuingia na kutoka jela ambayo haikukoma hadi uzeeni.

Mwaka 1834 alipita katika duka la kampuni ya mpira mjini New York, akakiona chombo cha kumwezesha mtu kuelea majini. Alikinunua, akabuni kilango bora zaidi cha kukijaza hewa, akarudi kumwonyesha msimamizi wa duka. Msimamizi alimsifu, kisha akamfunulia siri ya masikitiko: tatizo halikuwa kilango, tatizo lilikuwa mpira wenyewe. Mpira mbichi, yaani utomvu ulioganda wa mti unaomea katika misitu ya Amazon, ulikuwa na tabia mbili mbovu. Wakati wa baridi uligeuka mgumu kama ubao na kupasuka. Wakati wa joto uliyeyuka, ukanata na kunuka. Viatu na makoti yaliyouzwa majira ya baridi yalirudishwa madukani majira ya joto yakiwa rojo. Kampuni zilizochipuka kwa pupa Marekani katika miaka hiyo zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine.

Hapa yafaa nichepuke kidogo kwa ajili ya wanafunzi wa lugha. Waingereza waliuita utomvu huo kwa jina linalotokana na kusugua, kwa sababu matumizi yake ya kwanza mashuhuri kwao, katika miaka ya 1770, yalikuwa kufuta maandishi ya penseli. Sisi tumeuita mpira, na neno hilo moja hutuhudumia kwa utomvu, kwa kandanda, kwa chombo kinachochezewa na kwa bomba la kumwagilia bustani. Utajiri huu wa maana usingewezekana kama mpira ungebaki katika hali aliyoikuta Goodyear. Mpira unaoyeyuka juani haupigwi teke.

Goodyear hakuwa mwanakemia. Hakuwa na maabara wala fedha. Alipotiwa gerezani kwa deni mara tu baada ya kurudi Philadelphia, alimwomba mkewe amletee vipande vya mpira na mti wake wa kusukumia unga, akaanza kuukanda mpira humo humo jela. Alipotoka aliendelea jikoni. Alijaribu kuuchanganya na unga wa magnesia, kisha na chokaa. Kila alipodhani amefaulu, joto lilimuumbua. Mwaka 1837 alipata hataza ya Marekani kwa njia ya kuupaka mpira asidi ya nitriki, ambayo iliondoa unato wa juu. Mfadhili alijitokeza, kisha msukosuko wa mabenki wa mwaka huo huo ukamwangamiza mfadhili. Familia ilihamia katika jengo la kiwanda cha mpira kilichoachwa mahame huko Staten Island, wakala samaki waliowavua wenyewe.

Alivaa koti la mpira, kofia ya mpira na viatu vya mpira ili kuitangaza bidhaa yake, na watu wakafanya mzaha kwamba atakayemwona mtu wa mpira mwenye pochi ya mpira isiyo na senti ndani basi amemwona Goodyear. Mzaha huo hurudiwa mara nyingi katika vitabu vya watoto. Kisichorudiwa sana ni kwamba alizika watoto wake kadhaa wangali wadogo, na kwamba aliwahi kuuza hata vitabu vya shule vya waliobaki ili apate fedha za kuendelea na majaribio. Ni vigumu kwangu kumsifu bila kigugumizi. Clarissa hakuchagua majaribio hayo, lakini aliyalipia.

Mjini Woburn, jimbo la Massachusetts, alikutana na Nathaniel Hayward, aliyekuwa ametambua kwamba salfa, ile ambayo wazee wetu waliiita kiberiti, huondoa unato wa mpira unapoanikwa juani. Goodyear alinunua haki ya Hayward. Kisha akaingia mkataba wa kuitengenezea serikali mifuko 150 ya barua. Mifuko ilipendeza machoni, lakini ilipoachwa mahali penye joto iliyeyuka na mikanda yake ikakatika. Salfa na jua vilikuwa vimeuponya uso wa mpira tu, huku moyo wake ukibaki mbichi.

Ugunduzi wenyewe ulitokea mwaka 1839 huko huko Woburn. Kipande cha mpira uliochanganywa na salfa kiligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka kama ilivyotarajiwa, kiliungua kama ngozi, na pembezoni mwa sehemu iliyoungua palikuwa na utepe mwembamba ambao haukuungua wala haukunata. Alikipeleka nje kwenye baridi kali, nacho asubuhi kilikuwa bado kinakunjika. Leo twajua kwamba joto huifanya salfa iziunganishe nyuzi ndefu za mpira mithili ya vidato vinavyoshika nguzo mbili za ngazi, hata zisiteleze tena. Goodyear hakulijua hilo. Alijua tu kwamba moto, ambao kila mtu aliuona kuwa adui wa mpira, ndio uliokuwa dawa.

Wengine huita tukio hilo bahati. Yeye mwenyewe alilikataa neno hilo, akashikilia kwamba bahati humfaa aliyekwisha kujiandaa kuitambua. Kwa maoni yangu alikuwa na haki. Lakini ugunduzi wa Woburn ulikuwa mwanzo tu, kwa sababu hakujua ni joto kiasi gani, kwa muda gani, na kwa vipimo gani vya salfa na risasi nyeupe. Iliwachukua yeye na jamaa zake miaka mitano kulijibu swali hilo. Alioka mpira katika meko ya jirani, akaomba moto wa viwandani wafanyakazi walipokwenda nyumbani, akachekwa. Shemeji yake, William De Forest, alimkopesha kidogo kidogo hadi jumla ikafika dola 46,000 hivi, fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Katika miaka hiyo mitano ndimo kosa lilipozaliwa. Sheria ya hataza ya Marekani ya mwaka 1836 ilimtazama nani alivumbua kwanza. Ilikuwa sheria iliyomlinda mvumbuzi mwenyeji aliyechelewa kuandikisha, mradi aweze kuthibitisha tarehe ya uvumbuzi wake. Kwa wageni haikuwa na huruma hiyo kwa upande wa fedha. Raia wa Marekani alilipa ada ya dola 30, raia wengi wa nchi nyingine dola 300, na raia wa Uingereza dola 500, ikiwa ni kisasi kwa gharama kubwa ambazo Mmarekani alitozwa London. Goodyear, akiwa nyumbani, aliamini ana muda. Alitaka kwanza aukamilishe uvumbuzi, ndipo aandikishe.

Uingereza mambo yalikuwa kinyume. Huko sheria, iliyotokana na amri ya Bunge ya karne ya 17 kuhusu ukiritimba, iliuliza kama jambo ni jipya ndani ya ufalme. Haikujali nani amelitenda kwanza duniani. Aliyelileta kutoka ng'ambo aliweza kuhesabiwa kuwa mvumbuzi. Ada ya hataza kwa England pekee ilikuwa zaidi ya pauni 100, na aliyetaka kinga kamili alihitaji nyingine kwa Scotland na nyingine kwa Ireland, hata jumla ikapita pauni 300. Maombi yalipitia ofisi moja baada ya nyingine, kila moja ikidai malipo yake. Charles Dickens aliutania mlolongo huo katika hadithi fupi ya mwaka 1850 kuhusu fundi maskini anayehangaika kutoka mlango hadi mlango, na ni baada ya kelele za aina hiyo ndipo Bunge likairekebisha sheria mwaka 1852. Palikuwa na sharti jingine ambalo ndilo lililompiga Goodyear kwa kisogo: mwombaji aliweza kuwasilisha kichwa cha uvumbuzi wake tu, kisha akapewa miezi sita ya kuleta maelezo kamili. Kwa hiyo mtu aliyekaribia jibu aliweza kujiwekea nafasi kwanza na kulitafuta jibu baadaye.

Kwa kukosa fedha za kuandikisha London, Goodyear aliamua kuuza siri yake huko kabla ya kuilinda. Mwaka 1842 alimpa Mwingereza Stephen Moulton vipande vya mpira ulioponywa aende navyo kwao, awaonyeshe wenye kampuni ya Charles Macintosh, watengenezaji wa yale makoti maarufu ya mvua. Moulton hakuruhusiwa kueleza jinsi vilivyotengenezwa, nayo kampuni haikukubali kununua kitu isichoelezwa. Vipande vikabaki vikipita mikononi mwa watu, na miongoni mwa waliovipata alikuwa Thomas Hancock.

Msomaji wa utenzi wa Fumo Liyongo anaijua hali hii. Shujaa ambaye hakuna silaha iliyoweza kumwua alimfunulia mwanawe kwa kinywa chake kwamba sindano ya shaba kitovuni ndiyo itakayomwua. Goodyear hakusema neno, ni kweli. Lakini juu ya vipande vile palikuwa na vumbi jepesi la manjano, na palikuwa na harufu. Kwa mtu kama Hancock hayo yalikuwa maneno ya kutosha.

Hatuna budi kumtendea Hancock haki. Hakuwa mwizi wa kawaida. Alikuwa ameishughulikia kazi ya mpira tangu mwaka 1820 hivi, akabuni mashine ya kuutafuna mpira ambayo viwanda viliitegemea, na alikuwa amelihangaikia tatizo la baridi na joto kwa zaidi ya miaka 20. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1857 alikiri waziwazi kwamba aliviona vipande vilivyotoka Marekani, na kwamba vilimhakikishia kuwa jambo lile linawezekana. Alikana kuvichanganua. Alijifungia katika maabara yake akajaribu mamia ya michanganyiko. Tarehe 21 Novemba 1843 alijiwekea nafasi katika ofisi za London, kisha akatumia miezi sita ile aliyopewa na sheria kulikamilisha jibu. Rafiki yake, mchoraji William Brockedon, alipendekeza kazi hiyo ipewe jina la Vulcan, mungu wa moto wa Warumi, na hata jina ambalo dunia nzima hulitumia kwa ugunduzi wa Goodyear likatoka Uingereza.

Maombi ya Goodyear yalifika London majuma machache baadaye. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Hataza yake ya Marekani, nambari 3633, ilitolewa tarehe 15 Juni 1844, lakini London haikuwa na maana yoyote. Mashauri yalipofika mahakamani katika miaka ya 1850, wanakemia walitoa ushahidi kwamba kwa kukichanganua kipande cha mpira huo mtu hawezi kujua ulivyotengenezwa, na haki ya Hancock ikathibitishwa. Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa sahihi kisheria na isiyoridhisha kiungwana. Hancock asingeutafuta moto iwapo asingejua kwamba upo.

Nyumbani hali ilikuwa afadhali, ingawa si sana. Goodyear alitoa leseni kwa ada ndogo mno, akauza haki kwa bei ya shida, na wengi wakazitumia njia zake bila ruhusa. Mashuhuri kati yao alikuwa Horace Day, aliyewahi kuafikiana naye kisha akauvunja mkataba. Shauri lao lilisikilizwa Trenton, New Jersey, mwaka 1852. Upande wa Goodyear ulimwajiri Daniel Webster, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani na msemaji hodari kuliko wote nchini mwake, kwa malipo ya dola 15,000. Webster alishinda. Inafaa tuutazame mgawanyo huo kwa makini: kwa siku chache za kazi wakili alipata fedha ambazo mteja wake huenda hakuwahi kuzishika mkononi kwa pamoja bila mdai kusimama mlangoni.

Ufaransa ilibaki kuwa tumaini. Huko Goodyear alikuwa amewahi mapema, akapata hataza mwaka 1844. Lakini sheria ya Ufaransa haikutosheka na kuandikisha. Ilimtaka mwenye hataza autumie uvumbuzi wake hadharani ndani ya Ufaransa kabla ya miaka miwili kupita, na asiache kuutumia. Nia ya sheria ilieleweka, kwani hakuna dola iliyotaka kumlinda mgeni anayezuia wenyeji wasitengeneze bidhaa huku yeye akiitengeneza kwao na kuwauzia. Kwa mtu aliyekaa Connecticut akiwa na madeni, hata hivyo, kuendesha kazi ng'ambo ya Atlantiki ilikuwa shughuli nzito. Alijitahidi kwa gharama kubwa, akaamini ametimiza kila kilichotakiwa.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Ulaya. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 alitumia dola 30,000, nyingi zikiwa za kukopa, kujenga ukumbi ambao kila kitu ndani yake kilikuwa cha mpira: kuta, samani, mazulia, vito. Alipata medali. Clarissa alifariki Uingereza mwaka 1853 na kumwachia watoto. Mwaka uliofuata alimwoa Fanny Wardell mjini London. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1855 alitumia dola 50,000 kwa ukumbi mwingine wa aina hiyo, na Mfalme Napoleon wa Tatu akamtunukia Nishani Kuu ya Heshima pamoja na msalaba wa Legioni ya Heshima.

Ni katika kipindi hicho hicho mahakama za Ufaransa ziliamua kwamba Goodyear hakuwa ametimiza kila sharti la sheria kwa ukamilifu, na kwamba hataza yake imebatilika. Kampuni zilizokuwa zikimlipa hazikuwa na sababu tena ya kulipa. Wadai walimiminika. Mwezi Desemba 1855 alikamatwa mjini Paris akapelekwa katika gereza la wadaiwa la Clichy, akakaa humo siku 16 akiwa mgonjwa. Msalaba wa Legioni ya Heshima aliletewa humo gerezani na mwanawe. Katika darasa la tamthilia tungeliita jambo hili kinaya, na pengine mhadhiri angemlaumu mwandishi kwa kutia chumvi.

Msomaji huenda akauliza kama haya yangeweza kumpata mvumbuzi wa leo. Mengine yamepungua. Mwaka 1883, miaka 23 baada ya kifo cha Goodyear, mataifa kadhaa yalitia saini Mkataba wa Paris kuhusu mali ya viwandani. Mkataba huo uliamuru mgeni atendewe kama mwenyeji, na ukaleta haki ya kipaumbele: aliyeandikisha katika nchi moja mwanachama hupewa muda wa kuandikisha katika nyingine huku tarehe yake ya kwanza ikihesabiwa kila mahali. Muda huo, uliokuwa miezi sita mwanzoni, uliongezwa kuwa miezi 12 mwaka 1900. Kenya ilijiunga mwaka 1965. Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970, ambao Kenya iliingia mwaka 1994, huruhusu ombi moja litangulie kwa nchi nyingi, na katika nyingi ya hizo mwombaji ana miezi 30 tangu tarehe ya kwanza kabla ya kulipa ada na kutafsiri maelezo yake kwa kila nchi anayoitaka. Mwisho wa yote, lakini, kila nchi bado huamua yenyewe. Aliyekionyesha kitu chake hadharani kabla ya kuandikisha aweza kusamehewa nchini Kenya iwapo hajapitisha miezi 12. Katika nchi za Ulaya aghalabu hasamehewi.

Na sisi tuna historia yetu katika jambo hili. Kabla ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 1989, Mkenya hakuweza kupata hataza nchini mwake ila kwa kuandikisha hapa hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Fundi wa Gikomba aliyebuni kitu Nairobi alitakiwa kwanza awe mwombaji wa kigeni London, ndipo apate haki nyumbani kwake. Siku hizi ana ofisi ya Nairobi na shirika la kikanda lenye makao Harare. Lugha tu ndiyo haijabadilika. Maombi ya kimataifa huchapishwa katika lugha kumi, Kiarabu na Kireno zikiwemo, na Kiswahili hakimo. Anayefikiri kwa Kiswahili, akaunda kwa Kiswahili, hulazimika kudai haki yake kwa lugha nyingine. Wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu katika istilahi na tafsiri wana kazi hapo.

Goodyear alirudi Marekani mwaka 1858. Mwaka huo muda wa hataza yake ulikuwa unaisha, naye akaomba nyongeza. Kamishna wa hataza, Joseph Holt, aliyapitia maisha yote ya mwombaji, mashauri ya Uingereza na Ufaransa yakiwemo, akaona kwamba uvumbuzi huo umewatajirisha wengine bila kumfaa mwenyewe vya kutosha, akamwongezea miaka saba. Hata hapo hakutulia. Alikuwa amekwisha kuandika kitabu kirefu kuhusu mpira, chenye orodha ya matumizi ambayo ulimwengu haukuwa umeyafikiria, na nakala zake chache ziliwahi kuchapwa juu ya kurasa za mpira. Aliendelea kutafuta fedha za majaribio mapya hadi mwisho.

Katika kiangazi cha mwaka 1860 alipata habari kwamba binti yake yu mahututi New Haven. Alisafiri akiwa mgonjwa. Alipofika New York alielezwa kwamba binti amekwisha kufa, naye akaanguka. Alifariki katika hoteli ya mji huo tarehe 1 Julai 1860, akiwa na umri wa miaka 59, akazikwa New Haven alikozaliwa. Madeni aliyoyaacha yalifika dola 200,000 hivi. Hataza ya nambari 3633 iliendelea kuishi miaka mitano mingine bila yeye, ikaisha mwaka 1865. Tangu hapo mtu yeyote, katika nchi yoyote, aliweza kuupika mpira kwa salfa bila kumwomba mtu ruhusa.